Daftari la deni liko ng'ambo: Maswali ya kujiuliza kabla ya kukodi hifadhidata Mombasa

Jumatatu ya Oktoba 20, 2025, kabla ya saa nne asubuhi kwa saa zetu, apu zilianza kugoma moja baada ya nyingine. Snapchat ikakwama. Duolingo ikakwama. Signal nayo ikakataa kutuma ujumbe. Watu walidhani ni bando limeisha, wengine wakazima simu na kuiwasha tena. Kumbe tatizo lilikuwa Virginia, Marekani, kwenye kanda kongwe ya Amazon Web Services. Rekodi za anwani za mojawapo ya hifadhidata zake, DynamoDB, ziliharibika na mifumo iliyoitegemea ikafuata kuanguka. Kampuni nyingi duniani zilikaa saa kadhaa zikiwa hazina la kufanya ila kungoja.

Kwa mtu anayetumia Snapchat kutuma picha, hiyo ilikuwa kero ya siku moja. Kwa kijana wa Mombasa aliyetengeneza mfumo wa mauzo wa duka la leso Biashara Street, au mfumo wa kupokea wageni wa nyumba ya kulala wageni Mji wa Kale, ni swali la kazi. Mwenye duka anapopiga simu na kuuliza, "Mwanangu, mbona deni za wateja wangu hazionekani?" huwezi kumjibu, "Ami, ngojea Virginia waamke."

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Zamani daftari lilikuwa kwenye mtoto wa meza, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mwenyewe. Sasa daftari liko kwenye mashine ya kukodi, katika mji ambao mwenye duka hajawahi kuuona, na aliyelichagulia makao ni wewe. Mara nyingi uliyachagua kwa dakika tano, kwa sababu video ya mafunzo uliyokuwa ukiitazama ilitumia huduma hiyo. Makala haya yanahusu dakika hizo tano.

UNAKODI NINI HASA?

Tuanze na msingi. Hifadhidata ya uhusiano ni mkusanyiko wa majedwali yanayojuana. Jedwali moja lina wateja, jingine lina bidhaa, la tatu lina deni. Namba ya mteja ndiyo kamba inayoyafunga. Ukibadilisha namba ya simu ya mteja mara moja, inabadilika kila mahali anapotajwa. Faida kubwa zaidi ni kwamba hatua zinazokwenda pamoja hufaulu zote au hufutwa zote. Ukiuza doti mbili za leso kwa mkopo, hesabu ya bidhaa inapungua na deni linaongezeka kwa pamoja. Stima ikikatika katikati, hutapata leso zimetoka dukani na deni halikuandikwa.

Programu maarufu za kazi hii ni PostgreSQL na MySQL. Zote mbili ni huria, unaweza kuzipakua bure leo na kuziweka kwenye laptopu yako.

Kinachouzwa na kampuni za wingu ni utunzaji. Ni kama kukodi nyumba yenye keyateka. Wao wanaiweka programu, wanaziba matundu ya usalama, wanachukua nakala ya akiba kila usiku, na mashine ikifa wanaleta nyingine. Amazon ilianza kuuza utunzaji huo Oktoba 2009 kwa jina la RDS. Google ina Cloud SQL, Microsoft ina Azure Database. Kuna pia kampuni ndogo zinazopendwa na vijana: DigitalOcean, Supabase, Neon.

Lakini keyateka hakupikii wala hakulindii mke. Hatakuandikia maswali mazuri ya kuuliza hifadhidata. Hatazuia mtu uliyempa nywila asiingie. Ukifuta jedwali la wateja kwa makosa, atalifuta kwa uaminifu mkubwa, na utapona tu kama muda wa kuhifadhi nakala haujapita. Kwenye RDS nakala za kila siku zinazojichukua zenyewe hukaa hadi siku 35, haziwezi kuzidi hapo. Mteja akija mwezi wa tatu kudai risiti iliyofutwa mwezi wa kwanza, hakuna kitu.

KWA NINI TUSIWEKE SEVA CHINI YA KAUNTA?

Swali hili wazee huliuliza sana, na ni swali la haki. Kompyuta moja ya mtumba, programu ya bure, hakuna bili ya dola. Kwa nini tujisumbue?

Jibu la kwanza ni mazingira yetu. Kisiwani hewa ina chumvi na unyevu, na joto la Februari unalijua. Vumbi na chumvi vikikutana ndani ya kompyuta isiyozimwa, maisha yake huwa mafupi. La pili ni stima. Mwaka 2023 pekee nchi nzima iliingia gizani zaidi ya mara moja, Agosti, Novemba na Desemba. La tatu ni fundi. Fundi aliyefunga mfumo huo akipata kazi Doha au Dubai, anaondoka na nywila kichwani, na duka linabaki na sanduku linalotoa mlio bila mtu wa kuligusa.

Hata wataalamu hukosea. Januari 31, 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni ambayo kazi yake ni kuwatunzia waandishi wa programu kazi zao, alifuta data ya seva kuu akidhani yuko kwenye seva nyingine. Walipokimbilia nakala za akiba, waligundua njia walizozitegemea hazikuwa zikifanya kazi ipasavyo. Waliokolewa na nakala moja iliyokuwa imechukuliwa kama saa sita kabla, kwa bahati tu. Kama hilo lilitokea kwa watu wanaolipwa kwa ajili hiyo, hebu fikiria duka lililoko Kibokoni.

Kwa hiyo kukodi kuna maana. Na tuseme ukweli pia: duka lenye wateja 40 wa mkopo halihitaji hifadhidata ya wingu. Jedwali la kawaida la kompyuta linatosha, hata daftari la karatasi linatosha. Mjadala huu unaanza pale watu wawili au watatu wanapoandika kwa wakati mmoja kutoka sehemu tofauti, au pale kosa moja la hesabu linapogharimu pesa za kweli.

BAHARI IKO KATI YAKO NA DATA YAKO

Watu wa Mombasa tungepaswa kulielewa hili kuliko Wakenya wengine wote, maana intaneti ya nchi iliingilia kwetu. Kebo ya TEAMS ilifika hapa kutoka Fujairah, Milki za Kiarabu, mwaka 2009. SEACOM ikawashwa Julai mwaka huo huo. EASSy ikafuata 2010. Njia ya majahazi ya kwenda Ghuba ikageuka njia ya mwanga. Leo kuna kituo cha data cha iColo Miritini, hatua chache kutoka kisiwani.

Ajabu ni kwamba kebo zinatua kwetu lakini hifadhidata tunazokodi ziko mbali. Kanda ya Amazon iliyo Afrika iko Cape Town, ilifunguliwa Aprili 2020. Microsoft ilifungua Johannesburg na Cape Town mwaka 2019. Google ilifika Johannesburg Januari 2024. DigitalOcean haina kanda barani Afrika. Kwa upande wa Kenya kumekuwa na matangazo: Januari 2024 Oracle ilisema itafungua kanda Nairobi, na Mei 2024 Microsoft na G42 ya Abu Dhabi wakatangaza mradi wa dola bilioni 1 wa kituo cha data Olkaria kitakachotumia mvuke wa ardhini. Ni habari njema, lakini huwezi kuweka deni za wateja ndani ya tangazo. Panga kwa kilichopo.

Umbali una maana gani? Mwanga ndani ya kebo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Toka Mombasa hadi Virginia ni zaidi ya kilomita 12,000. Kwenda na kurudi, kwa mstari ulionyooka ambao kebo haina, ni milisekunde 120. Frankfurt ni zaidi ya kilomita 6,000, yaani milisekunde 60. Cape Town ni kama 4,000, yaani 40. Hali halisi huwa juu ya hapo, kwa sababu kebo zinapinda na data hupita mikononi mwa kampuni kadhaa njiani.

Utasema milisekunde 120 ni nini? Ni kufumba na kufumbua. Sawa, lakini ukurasa mmoja wa mfumo wa duka unaweza kuiuliza hifadhidata maswali 30: mteja ni nani, anadaiwa ngapi, bidhaa zimebaki ngapi, na kadhalika. Ukiweka programu yako kwenye mashine ya Nairobi na hifadhidata Virginia, maswali 30 mara milisekunde 120 ni sekunde 3.6. Mteja amesimama kaunta, amebeba mfuko, anakutazama. Ukiviweka vyote viwili jengo moja, kila swali linachukua kama milisekunde moja, na safari ya baharini inafanywa mara moja tu, ukurasa unaporudi kwenye simu. Vijana wengi hulaumu intaneti ya dukani wakati tatizo ni kwamba wametenganisha mke na mume.

Kanuni ya kwanza basi: programu na hifadhidata zikae kanda moja. Ya pili: chagua kanda iliyo karibu na wateja wako, na uipime mwenyewe kwa laini ya dukani, mchana na usiku. Ramani haitoshi, maana data haifuati njia fupi kila mara.

Hili hata M-Pesa ilipitia. Kwa miaka ya mwanzo, seva za M-Pesa zilikuwa Ujerumani. Mkenya alimtumia jirani yake pesa hapa Makadara, na hesabu ikaenda Ulaya na kurudi. Aprili 2015 Safaricom ilizihamishia Kenya na kusema huduma ingekuwa ya haraka na ya kutegemewa zaidi. Ikiwa kampuni kubwa kuliko zote nchini iliona umbali ni mzigo, wewe nani usiuhesabu?

Tena kebo hukatika. Februari 2012 meli ilitia nanga mahali palipokatazwa karibu na bandari yetu, ikaikata TEAMS. Mwaka 2024 tulipigwa pande zote mbili, kama kaskazi na kusi. Februari kebo kadhaa zilikatika Bahari ya Shamu, zikaathiri njia ya kwenda Ulaya. Mei 12 EASSy na SEACOM zikakatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikatambaa Kenya, Tanzania, Uganda na kwingineko. Aliyeweka data Ulaya aliumia Februari, aliyeweka Afrika Kusini akaumia Mei. Hakuna kanda isiyo na siku yake mbaya. Ndiyo maana mfumo mzuri wa duka hukubali kuandika mauzo kwenye kifaa cha dukani kwanza, kisha huyapeleka kwenye hifadhidata njia ikifunguka. Hilo ni jukumu lako wewe mwandishi wa programu, hakuna kampuni ya wingu itakayokufanyia.

BURE INA TAREHE YA MWISHO

Sasa tuje kwenye doo. Karibu kila kijana huanza na mpango wa bure, na hakuna ubaya. Supabase inakupa megabaiti 500 bure, lakini mradi usipoguswa kwa wiki moja unasimamishwa, na mpango huo hauna nakala za akiba zinazojichukua zenyewe. Neon inakupa nusu gigabaiti na mashine yake hulala ikikaa dakika 5 bila kazi, kwa hivyo wa kwanza kuiamsha husubiri kidogo. Kwa mradi wa chuo pale TUM, Tudor, hizo ni zawadi. Kwa nyumba ya wageni inayofunga msimu wa mvua na kufungua tena wageni wakirudi, kusimamishwa kwa mradi baada ya wiki moja ya kimya ni mtego.

Bure pia hufutwa. Heroku iliondoa mipango yake ya bure Novemba 2022. PlanetScale, iliyopendwa sana na wanafunzi, iliondoa wake Aprili 2024 baada ya notisi ya kama mwezi mmoja. Waliokuwa wameweka kazi za wateja huko walipewa machaguo mawili: walipe au wahame.

Ukianza kulipa, unalipa kwa dola. Mpango wa dola 25 kwa mwezi ni kama shilingi 3,225 dola ikiwa 129. Januari 2024 dola ilipopita shilingi 160, mpango huo huo ulifika shilingi 4,000. Mwenye duka hakuongeza mteja hata mmoja wala hakuuza leso hata moja zaidi. Ukimpa bei ya mwaka mzima kwa shilingi, weka nafasi ya dola kupanda, la sivyo tofauti itatoka mfukoni mwako.

Kisha kuna bei zisizoandikwa kwa herufi kubwa. Mashine ndogo kabisa za RDS, zenye kumbukumbu ya gigabaiti moja, zimekuwa zikigharimu kama dola 12 kwa mwezi katika kanda za Marekani. Cape Town ni ghali zaidi. Ongeza diski, inayolipiwa kwa gigabaiti. Ongeza anwani ya intaneti, ambayo tangu Februari 2024 Amazon huitoza nusu senti kwa saa, karibu dola 3.65 kwa mwezi. Ukitaka mashine ya pili ya akiba katika jengo jingine, bei ya mashine inakuwa mara mbili. Faida yake ni kwamba ya kwanza ikifa ya pili huchukua nafasi, kwa kawaida ndani ya dakika moja hadi mbili. Kwa hospitali ni lazima. Kwa duka la viungo Marikiti, mwenyewe anaweza kuamua kwamba nakala ya jana usiku inatosha.

Bili inayoshtua zaidi ni ya uzembe. Matoleo ya zamani ya MySQL na PostgreSQL yakiisha muda wake, Amazon haikufukuzi. Inakuendeleza, lakini inakutoza senti 10 za dola kwa kila kichakataji kwa saa. Kwa MySQL 5.7 tozo hiyo ilianza Machi 2024. Mashine ndogo ya dola 12 ina vichakataji viwili. Piga hesabu: senti 20 kwa saa, saa 730 kwa mwezi, ni dola 146, yaani karibu shilingi 18,800. Na yote hayo ni kwa sababu hakuna aliyebonyeza kitufe cha kupandisha toleo. Kijana aliyejenga mfumo akaenda zake, mwenye duka analipa kodi ya chumba kizima kwa ajili ya daftari.

Dawa ni rahisi na haichukui hata robo saa. Siku ya kwanza unapofungua akaunti, weka kikomo cha bajeti kitakachokutumia onyo. Akaunti iwe kwa jina na barua pepe ya mwenye biashara, na yeye awe na nywila kuu. Daftari ni lake.

MLANGO WA KUTOKEA UKO WAPI?

Kabla hujaulizia sifa za huduma, uliza utakavyoondoka. Ikiwa hifadhidata yako ni PostgreSQL au MySQL ya kawaida, unaweza kuipakua yote katika faili moja kwa amri kama pg_dump na kuifungua kwa kampuni nyingine jioni ile ile. Huo ndio uhuru wako. Lakini kampuni hukupamba kwa vitu vyake vya pekee: njia yake ya kuingiza watumiaji, vijiprogramu vyake, aina zake za majedwali. Kila kimoja ni kizuri, na kila kimoja ni msumari mmoja zaidi kwenye mlango. Ukivitumia, vitumie ukijua. Kwa mfumo wa duka au nyumba ya wageni, PostgreSQL ya kawaida inatosha kwa miaka mingi.

Na nakala isikae kwa mwenye nyumba peke yake. Mei 2024, UniSuper, mfuko wa pensheni wa Australia wenye wanachama zaidi ya laki sita, uliamka na kukuta mfumo wake umefutwa Google Cloud kwa hitilafu ya mpangilio iliyotokea upande wa Google. Nakala zilizokuwa kwa kampuni nyingine zilisaidia kuwarudisha. Septemba 2025, moto katika kituo cha data cha serikali Daejeon, Korea Kusini, uliteketeza hifadhi ya mafaili ya watumishi wa umma, terabaiti 858, ambayo haikuwa na nakala nje ya jengo. Nchi inayouzia dunia simu ilipoteza kazi ya miaka kwa kukosa nakala ya pili.

Kwa hiyo weka ratiba: kila usiku faili moja ishuke, ifungwe kwa nywila, ikae mahali pengine, kwa kampuni nyingine au kwenye diski iliyo kwa mwenye duka. Kisha fanya jambo ambalo wengi hawafanyi: ifungue. Mara moja kwa mwezi chukua nakala hiyo, iweke kwenye laptopu yako, hesabu wateja, linganisha na mfumo. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni matumaini tu, waulize GitLab.

SHERIA HAIMFUATI KEYATEKA

Vijana wengi hudhani wakishaweka data kwa kampuni kubwa, mzigo wa sheria umehamia huko. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haisemi hivyo. Biashara inayokusanya data ndiyo inayojibu. Data ya siri ikivuja na kuna hatari ya watu kudhurika, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72. Faini ya kiutawala inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka, kutegemea ipi ni ndogo. Ofisi hiyo haitishi bure. Septemba 2023 iliitoza faini shule moja, kilabu kimoja cha burudani na kampuni moja ya mikopo ya simu. Kesi hizo zilihusu matumizi ya picha na namba za watu bila ridhaa, lakini ujumbe ulifika: hata biashara ya kawaida inaguswa.

Kuna mambo mawili yanayokugusa moja kwa moja. La kwanza ni usajili. Biashara yenye mapato yasiyozidi shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10 imesamehewa kujisajili, isipokuwa iko katika sekta zilizotajwa. Afya, elimu na huduma za wageni zimo. Nyumba ndogo ya kulala wageni karibu na Fort Jesus, inayoandika pasipoti za watalii, haiwezi kujificha nyuma ya udogo wake.

La pili ni mahali. Kupeleka data ya watu nje ya Kenya kunaruhusiwa, lakini lazima kuwe na ulinzi unaoweza kuuthibitisha, na data nyeti kama ya afya inahitaji ridhaa ya mwenyewe. Zaidi ya hapo, kanuni za 2021 zinataja shughuli ambazo data yake ichakatwe kwenye seva iliyo Kenya, au angalau nakala moja inayofanya kazi ikae kwenye kituo cha data nchini. Elimu ya msingi na matibabu ya wananchi zimo katika orodha hiyo. Kwa hiyo ukijengea zahanati ya Bondeni au shule ya Tononoka mfumo, na ukaiweka data yote Frankfurt kwa sababu ndiyo kanda iliyojitokeza kwanza kwenye menyu, umemtia mteja wako matatani kabla hajapokea mgonjwa wa kwanza. Hapo tafuta mwanasheria, na tafuta mashine iliyo nchini.

SASA TUCHUKUE IPI?

Mradi wa chuo, au wazo unalolijaribu: chukua mpango wa bure wa Supabase au Neon, ujifunze, ushushe nakala yako mwenyewe. Usiweke data ya mtu mwingine humo. Na kama umejengewa apu na AI, hakikisha kanuni za nani aone safu ipi ya jedwali zimewashwa. Bila hizo, mtu yeyote mwenye anwani ya apu yako anaweza kusoma kila kitu.

Duka la leso, duka la viungo, wakala wa safari: PostgreSQL ya kawaida, kwa bei isiyobadilika kila mwezi. DigitalOcean huanza karibu dola 15, bei inayosomeka hata kwa asiye fundi. Ikiwa kasi inakuuma, pima Cape Town au Johannesburg kwa kampuni kubwa, ukijua bili yao ina mistari mingi. Programu ikae hapo hapo ilipo hifadhidata. Mauzo yaweze kuandikwa hata kebo ikikatika.

Zahanati, shule, na yeyote anayeshika siri za watu: anza na sheria, halafu bei. Nakala moja iwe Kenya, mashine ya akiba iwepo, na mkataba wa matunzo uandikwe ukisema nani anapandisha matoleo na nani anapokea simu saa nane usiku. Kituo kama cha Miritini kinakupa nafasi, stima na kebo kwa ajili ya mashine yako, lakini mtunzaji wa hifadhidata utakuwa wewe. Hiyo ni kazi ya kulipwa, na vijana wa kisiwani wanaoijua vizuri hawatakosa ajira.

Kilichobaki ni kumkalisha mwenye biashara chini, hata kama ni kwa kikombe cha kahawa tungu kibarazani, na kumwonyesha mambo manne kwa lugha anayoielewa: data yake iko mji gani, bili ya mwezi ni shilingi ngapi dola ikipanda, nakala ya pili iko wapi, na siku wewe ukipata kazi Doha, yeye ataingiaje. Akiweza kuyarudia hayo manne bila wewe kumsaidia, basi umemkabidhi daftari lake.